Nusu mita inayozidi nyuma ya ukuta wa matumbawe: usirudishe vifaa dukani

Ndugu yangu, umesema tagi zako za UWB (redio za bendi pana zinazopima umbali kwa muda wa safari ya mawimbi) ulizofunga kwenye nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, zinasoma umbali sawasawa zikiwa chumba kimoja, ila ukihamia chumba cha pili zinazidisha nusu mita, kila mara, na katikati pana ukuta mmoja tu. Usizirudishe. Mimi nilihangaika na jambo hilo hilo kwenye nyumba moja ya Kibokoni, na mkosaji alikuwa ukuta.

Hewani mawimbi ya redio huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Yakiingia kwenye jiwe hupunguza mwendo. Ukuta wangu ulikuwa wa matumbawe na chokaa, unene sentimita 52, niliupima kwenye mwimo wa mlango. Nikaweka antena mbili mkabala, moja kila upande. Mpigo wa kwanza ulichelewa nanosekunde 1.8 kuliko tepu ilivyosema. Zidisha kwa 30 upate sentimita 54. Yaani ndani ya jiwe mawimbi yalikwenda kama nusu ya kasi yake ya hewani, na hiyo ni permitiviti (kipimo cha jinsi kitu kinavyopunguza mwendo wa mawimbi) ya 4 na ushei.

Kingekuwa kifaa kinadaka mwangwi uliozungukia mlangoni au uani badala ya njia ya moja kwa moja, kosa lingerukaruka kila usogezapo tagi. Lako halitikisiki, ndiyo maana nina hakika.

Nilitumia analaiza ya VNA niliyoazima, kifaa kinachopima mawimbi yanavyopita kwenye kila masafa, nikapitisha masafa kutoka gigahezi 3.1 hadi 10.6, bendi ambayo Marekani iliifungulia UWB mwaka 2002. Upana huo wa gigahezi 7.5 unatenganisha miangwi iliyopishana sentimita 4 tu. Ukiigawa bendi hiyo kwa pointi 1601 za masafa unaona ucheleweshaji hadi nanosekunde 213, karibu mita 64 za safari, na nyumba nzima inaenea humo. Tagi zenye upana wa megahezi 500 huishia kwenye sentimita 60, kwa hiyo miangwi mingi kwazo ni donge moja.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo nilipopoteza siku mbili. Analaiza haipigi picha moja. Inapita pointi baada ya pointi, na muda huo wote chumba kisibadilike. Feni ya darini ilikuwa inazunguka. Mwezi Machi, joto la Mombasa unalijua, hakuna aliyefikiria kuizima. Grafu zikawa na ukungu baada ya mwangwi wa kwanza, nami nikalaumu antena. Bi mkubwa mwenye nyumba ndiye aliyezima feni akitaka umeme wa jiko, na papo hapo vilele vikasimama wima. Tena, ukishafanya kalibresheni (kusawazisha analaiza kabla ya kupima) usikunje kebo. Ikijikunja fazi, yaani hatua ya wimbi, inahama, na vipimo vya asubuhi havifanani na vya jioni.

Kuhusu modeli ya 802.15.4a uliyoitumia, ile ya kiwango cha UWB inayokadiria mawimbi yanavyoenea: ni nzuri, na wazo lake la miangwi kufika kwa makundi limetoka kwa Saleh na Valenzuela, 1987, waliopima jengo la ofisi Marekani. Kwa makazi inatoa kipeo cha upotevu (kasi ya ishara kufifia kadiri umbali unavyoongezeka) 1.79 antena zinapoonana na 4.58 zisipoonana. Lakini hiyo 4.58 haijui ukuta wa matumbawe wala dari ya boriti za mikoko. Chukua umbo la modeli, namba zitoe kwenye vipimo vyako.

Kwa leo, kwa kuwa ukuta huongeza umbali karibu sawa na unene wake, punguza unene huo kwenye kila umbali unaoukata ukuta wima. Ukiukata kwa mshazari punguza zaidi kidogo. Halafu pima tena masika yakiingia. Permitiviti ya maji ni karibu 80, na kuta za Mji wa Kale hunywa unyevu kutoka chini, kwa hiyo ukuta uliolowa huchelewesha mawimbi zaidi. Weka antena sentimita 30 juu ya sakafu, kisha mita 2, ukuta ule ule, ulinganishe. Ukipata faili zako ziweke hapa tuzitazame pamoja.