Mkuu, hiyo kroni ya pkill -9 ifute kwanza, ndipo uendelee kusoma

Umeuliza kama uongeze RAM kwenye seva yako ya barua pepe au uhamie rspamd (kichujio kingine cha barua taka). Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, unasema utaweka kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kuwapiga pkill -9, yaani kuwaua kwa nguvu, watoto wa amavisd (programu inayochuja barua) kila dakika 5 kwa kuwa ps, orodha ya prosesi, imejaa "defunct". La RAM tutalirudia.

Hizo defunct ni misukule (zombie). Zimeshakufa, hazili RAM wala CPU. Limebaki jina tu kwenye orodha ya prosesi, linangoja mzazi aje kusoma mwanawe alikufaje. Ukizipiga -9 huui kitu. Wanaokufa ni wazima, waliokuwa na barua mkononi.

Na hapo ndipo hasara ilipo. Postfix, seva inayosafirisha barua, inampa amavisd barua kwenye poti 10024, yeye anaichuja, anairudisha kupitia 10025, kisha ndipo anaijibu Postfix 250, yaani "nimeipokea". Ukimuua katikati ya hatua mbili hizo za mwisho, barua imeshaondoka lakini Postfix haijaambiwa. Itaituma tena. Na tena. Nenda kamweleze mhasibu kwa nini ankara moja imemfikia mara nne. Mimi zamu yangu nilishaimaliza. Juu ya hapo, 7z na unrar (za kufungua viambatisho) alizokuwa ameziita zinabaki yatima chini ya PID 1 (prosesi ya kwanza ya mfumo), hai, zinakula CPU, na mafolda ya amavis-* yanarundikana /var/lib/amavis/tmp hadi diski ijae. Aliyeanza kusambaza hii "ua tu, itajirekebisha" hajawahi kukesha na foleni ya barua, nina hakika.

Msukule unamfuata mfugaji. Kabla ya kill yoyote:

ps -eo pid,ppid,stat,etime,args

STAT (hali ya prosesi) ikiwa Z, yaani msukule, achana na PID (namba yake), shika PPID (namba ya mzazi), na huyo ndiye wa kurestatisha kwa systemctl. Usiogope, barua zitasubiri kwenye foleni ya Postfix. Amavisd akirudi, piga postqueue -f ili foleni itumwe. STAT ikiwa D, inangoja diski au NFS (diski ya mtandaoni), na hata -9 haitaingia mpaka diski ijibu. Yatima wa PID 1 (7z au unrar) aliyekaa nusu saa kwenye R, yaani anakimbia, huyo muue, kwa TERM (ombi la kufunga kwa upole) kwanza.

Folda za tmp zifute amavisd ikiwa imezimwa tu, na tafuta kwanza "PRESERVING EVIDENCE" kwenye logi: hapo utaona ni barua gani iliyomkwamisha.

Bandika hapa safu ya PPID tuione.