Babu, kuku na "bloody"

Swali lenu la wiki hii: neno "bloody" la Waingereza lina maana gani, na je, ni tusi?

Mimi nililipata kwa babu kabla ya kulipata kwa Waingereza. Babu alikata mkonge katika shamba la mzungu huko Tanga, na alichotoka nacho, ukiacha kovu la mkononi, ni "bladifuli". Kuku akidonoa mtama uani: bladifuli! Mnyororo wa baiskeli ukikatika: bladifuli! Sisi wajukuu tungethubutu kulitamka, bakora zingetuhusu.

Miaka ikapita, nikajikuta Leeds, Uingereza, jikoni kwenye hoteli. Siku moja niliwapikia wafanyakazi wenzangu pilau. Mpishi mkuu akachota kijiko, akatafuna, akasema: "Bloody lovely, that." Mimi nikasikia damu, maana "bloody" neno kwa neno ni "yenye damu". Nikainama kuangalia kama nyama haijaiva! Kumbe nasifiwa, alikuwa keshachota kijiko cha pili.

Damu yenyewe imeshakauka humo. Kazi ya neno sasa ni kukoleza linalofuata, kama vijana wetu wanavyosema pilau tamu mbaya, au mvua imenyesha kinoma. Hujipenyeza hata tumboni mwa neno jingine: "abso-bloody-lutely", yaani "absolutely" (kabisa) lililopasuliwa katikati. Sisi kwenye kitenzi tunachomeka nafsi, wakati na mtendwa, ila tusi bado. Na ile hadithi kwamba asili yake ni kiapo cha kumtaja Bikira Maria, msiinunue; wanaisimu hawaikubali.

Utusi wake unategemea masikio. Aprili 1914 jijini London, katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, Eliza, muuza maua aliyefunzwa kuongea kibibi, aliulizwa kama atakatiza bustanini kwa miguu. Akajibu: "Not bloody likely!", yaani thubutu! Ukumbi ukaangua kicheko, magazeti yakapata la kuandika. Mwaka 2006 Australia ilitangaza utalii wake kwa kuuliza "Where the bloody hell are you?", yaani mko wapi nyie? Kwao lilikuwa neno la kila siku; lakini Uingereza, wenye neno, wakalizuia tangazo hilo kwenye televisheni kwa muda.

Kwa hiyo tusi la babu lilikuwa kwenye "fuli", yaani "fool", mpumbavu. "Bladi" ilisindikiza tu. Nilipokwenda likizo nilimweleza hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota kokoto, akamtupia kuku, na hakupunguza hata silabi.