Roboti iko, ipo au imo?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ghalani kwetu hapa Jinja tumeletewa kijitabu cha roboti ya kubebea mizigo. Kinasema roboti "hufanya uchoraji wa ramani na ujanibishaji kwa wakati mmoja". Ujanibishaji ndio nini?

JIBU: Ndio kazi ya mfasiri aliyefungua kamusi akafumba macho. Janibu ni neno la Kiarabu, upande. Kwetu limekuwa eneo. Kujanibisha ni kukifanya kitu cha wageni kiwe cha wenyeji: programu ya simu ikiletwa kwa Kiswahili, imejanibishwa. Roboti yenu haiombi uenyeji wa Jinja. Inataka kujua ilipo.

Na hapo ndipo ninapopandwa na mori. Kiswahili kina po, ko na mo kwa jambo hilihili, nasi wa Uganda tumebaki na iko peke yake. Sukari iko? Iko. Mwalimu iko? Iko. Panya iko ndani ya gunia. Jamani! Mwalimu yupo, panya yumo guniani.

Itazame roboti yako. Ikiwashwa, inajua tu kwamba iko huko ghalani, pembe gani haijui, na chini ya paa la bati mawimbi ya setilaiti hayategemeki. Inarusha miale ya leza, inapima umbali wa kuta na rafu, inachora ramani, na kwenye ramani hiyohiyo inajitafuta. Magurudumu yakiteleza, makosa yanajikusanya kidogo kidogo mpaka irudi mahali ilipopita zamani, ipatambue, ndipo iirekebishe ramani nzima. Sasa ipo: mbele ya rafu ya tatu, si ya nne. Ikiingia kwenye lifti, imo. Mashine za migodini, ambako setilaiti hazifiki kabisa, hufanya vivyo hivyo. Zinazopeleka dawa wodini pia, hata vile vifagio vya umeme vinavyozunguka chini ya makochi. Chuma kisicho na mama wala shangazi wa kukifundisha kusema kinatofautisha ko, po na mo, na mtu aliyesoma hadi chuo kikuu ananiambia "mimi iko ofisi"!

Andikeni: "huchora ramani huku ikitambua mahali ilipo". Ni refu, najua. Ujanibishaji waachieni watu wa programu za simu. Ama iko ya sokoni, hiyo imenishinda, jana nilimuuliza muuza mkaa, "Gunia iko?" Akanijibu, "Lipo, mzee."