Uliza Ujibiwe: Nani kampa mgombea hela, hospitali au manesi wake?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nahudumia wazee kwenye nasingi homu huku Minnesota. Kuna kijana kazini katuonyesha kwenye simu tovuti ya michango ya kampeni, jina la mwajiri wetu lipo na mgombea mmoja wa Seneti kapata maelfu ya dola. Nikasema basi huyu kashanunuliwa. Kijana anabisha eti kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea hata senti. Sasa nani mkweli?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Marahaba dada. Kwa sheria kijana yuko sawa. Toka 1907 kampuni Marekani hairuhusiwi kuchota hela ya mfuko wake ikampa mgombea wa urais, Seneti au Bunge la taifa (kwenye uchaguzi wa majimbo ni habari nyingine, Virginia kwa mfano kampuni inatoa tu na hakuna kikomo).

Sasa jina la mwajiri wenu limefikaje pale? Ni hivi, mtu akimchangia mgombea na jumla ikapita dola 200, kampeni inatakiwa itangaze jina lake, kazi yake na anapofanya kazi, halafu zile tovuti zinakusanya watu wote wa mwajiri mmoja zinatoa jumla. Kwa hiyo nesi wa zamu ya usiku, daktari, mhasibu na mkurugenzi mkuu wote wanatupwa kapu moja, juu yake inaongezwa hela ya PAC ya kampuni kama ipo. PAC ni mfuko ambao mabosi na wenye hisa wanachangia kutoka mifukoni mwao, na kampuni ndiyo inaamua uende kwa nani. Nao una kikomo, dola 5,000 kwa mgombea kwa kila uchaguzi, mchujo wa ndani ya chama unahesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake, yani 10,000 ukijumlisha.

Hili kapu limeshaleta ugomvi mkubwa kuliko wenu. Januari 2025 Robert F. Kennedy Jr. alikuwa anahojiwa Seneti awe waziri wa afya, akamgeukia seneta Bernie Sanders akamwambia wewe 2020 ulipokuwa unawania urais ulipokea dola milioni 1.5 za kampuni za dawa. Sanders akaja juu, akasema hizo ni za wafanyakazi, za mabosi na PAC hakuna. Na kweli 2019 Sanders alikuwa ametangaza kwamba hapokei mchango wa zaidi ya dola 200 kutoka PAC, walobi (watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge) na mabosi wa kampuni za dawa na bima ya afya, akawataka wagombea wenzake nao waahidi hivyohivyo. Mtu anayepaki vidonge kiwandani akimtumia Sanders dola 27 mara kwa mara mpaka jumla ipite 200, hiyo tovuti inaiandika "sekta ya dawa" na ndo imetoka hiyo. Kwa hiyo dada ukiona jumla usiishie hapo, fungua ndani uangalie nani katoa, maana kama ni wakurugenzi wanane wametoa kiwango cha juu siku moja hapo una haki ya kukunja uso.

SWALI: Mhariri, hizo dola 10,000 mbona hela ya soda kwa mgombea wa Marekani? Sisi tunajua mkono mtupu haulambwi, hapa kwetu hiyo ingeitwa takrima tu. Kwani wanapata nini hasa?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Umenichekesha na takrima, maana na hiyo ilikuwa halali kisheria kabisa mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta 2006. Tofauti ni kwamba takrima ilikuwa inaenda kwa mpiga kura, hii inaenda kwa mgombea mwenyewe.

Na ni kweli 10,000 hazinunui kura. Zinanunua simu kupokelewa. Ndiyo maana utaona PAC zinatoa kwa vyama vyote viwili, na zinawapenda zaidi wanaokaa kwenye kamati zinazogusa dawa na bima, hata yule ambaye uchaguzi wake ni mteremko na hahitaji msaada. Hela nene iko kwenye lobi. 2023 peke yake kampuni za dawa na vifaa tiba zilitumia zaidi ya dola milioni 350 kulipa walobi Washington, na wabunge na maseneta jumla yao ni 535 tu, piga hesabu mwenyewe. Halafu toka uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2010 kampuni inaweza kumwaga hela bila kikomo kwenye matangazo ya kumsifia au kumponda mgombea, ilimradi isipange na kampeni yake. Kampeni nazo hazipangi na kampuni, zinasoma tu upepo...

Ila ukitaka kuelewa wanapata nini, angalia usiku wa tarehe 22 Novemba 2003. Bunge lilikuwa linapigia kura sheria ya kuwalipia dawa wazee walio kwenye Medicare, ile bima ya serikali ya wenye miaka 65 na kuendelea. Kitu kizuri tu, wazee walikuwa wanaumia kweli. Lakini ndani yake kuna kifungu kinakataza serikali kupatana bei na kampuni za dawa, yani mnunuzi mkubwa kuliko wote anaambiwa asiulize bei, wakati hospitali za maveterani, yani wanajeshi wastaafu, ni serikali hiyohiyo na zenyewe zinapatana bei kama kawaida. Kura kwa desturi ni dakika 15, hii ilianza kama saa tisa usiku, muswada ukawa unashindwa, viongozi wakaiacha wazi karibu masaa matatu huku wanawazungukia wabunge mmoja mmoja, ikapita alfajiri 220 kwa 215. Mwenyekiti wa kamati aliyeisukuma, Billy Tauzin, Januari 2005 akaenda kuongoza PhRMA, chama cha kampuni za dawa, kwa mshahara ulioripotiwa kama dola milioni 2 kwa mwaka. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo, na mimi hilo ndo linanikera kuliko bahasha.

Kile kifungu kilikaa bila kuguswa mpaka Agosti 2022, miaka karibu 19. Seneti iliifungulia serikali mlango wa kupatana bei za baadhi ya dawa kwa kura 51 kwa 50, Kamala Harris, makamu wa rais wakati huo, ndiye aliyevunja sare. Bei mpya za dawa 10 za mwanzo zimeanza kutumika Januari 2026, na dawa ya kisukari ya Januvia kwa mfano imetoka bei ya orodha ya dola 527 kwa mwezi hadi 113. Sasa jiulize kwa miaka yote hiyo ile tofauti ilikuwa inaenda wapi, halafu rudi kwenye zile 10,000 ulizoziita hela ya soda.

SWALI: Kwa hiyo anayebebwa na hizi kampuni hashindwi?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Anashindwa vizuri tu. Septemba 2021 wabunge watatu wa Democrat walipiga kura kwenye kamati kukataa kupatana bei za dawa, kura zikalingana 29 kwa 29, kipengele kikakwama pale. Mmoja ni Kurt Schrader wa Oregon, ambaye wapinzani wake walimpigia kelele kwa hela za kampuni za dawa, na Mei 2022 akaangushwa kwenye mchujo ingawa Rais Biden mwenyewe alikuwa amemuunga mkono. Mwenzake Scott Peters wa San Diego alirudi bungeni bila shida. Lakini kwa Peters tuwe wakweli, jimbo lake la uchaguzi limejaa kampuni za utafiti wa dawa, wapiga kura wake wanakula huko, kwa hiyo ukisema ni hela tu utakuwa umemwonea kidogo, ukisema ni wapiga kura tu nayo utakuwa umejidanganya.

SWALI: Mimi ni nesi Texas, niko kwa viza ya kazi. Nimepata imeili ya kampeni inaomba mchango, wenzangu wawili wenye grin kadi wameshatoa. Na mimi nitoe?
*Msomaji, Houston*

JIBU: Usitoe. Mwenye grin kadi anaruhusiwa kuchangia ingawa kupiga kura kwenye uchaguzi wa taifa haruhusiwi, lakini wewe wa viza ya kazi huruhusiwi hata dola moja, iwe ni urais au diwani wa mtaa. Na rafiki akikwambia "nipe hela niiweke kwa jina langu" kataa, hilo ni kosa lake na lako. Siku grin kadi ikitoka utaamua mwenyewe, na kama itakuwa bosi ndiye anakuombea mgombea hela, jua ni hiari, haruhusiwi kukutishia kazi.