Kabla ya Kuwafundisha Akina Mama Sabuni, Hesabuni Maandazi

Wiki iliyopita maafisa maendeleo ya jamii wawili, ambao hawajamaliza hata mwaka mmoja kazini, waliniletea andiko la mradi nilipitie kabla halijapanda kwa mkuu wa idara. Lilikuwa limepangwa vizuri, lina malengo mahususi na jedwali la bajeti lisilokosewa hata senti, lakini nilipofika ukurasa wa tatu nilivua miwani: wanawake 30 kutoka kaya zinazonufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, watafundishwa kutengeneza sabuni ya maji kwa siku tano. Niliwauliza sabuni hiyo itanunuliwa na nani. Walitazamana, kisha mmoja akanijibu kwa adabu, "Na jamii inayowazunguka, Mama." Jibu hilo nimelikuta katika maandiko ya watu wengi, na mimi mwenyewe niliwahi kuliandika kwa mkono wangu, tena kwa kujiamini. Nawaandikieni haya, wadogo zangu, kwa sababu nawapenda na kwa sababu nimechoka.

1. Nendeni mnadani kabla ya kwenda darasani.

Mwaka 2016 nilikuwa afisa wa kata moja ya kanda ya kati, mahali ambapo mvua ni ya msimu mmoja na fedha huonekana mikononi mwa watu baada ya alizeti kuvunwa. Tulipata ufadhili mdogo, nikakusanya wanawake 25, nikamleta mkufunzi kutoka mjini pamoja na madumu yake ya salfoniki na slesi, kemikali za kutengenezea sabuni, mfuko wa magadi soda, chumvi, rangi na manukato. Kwa siku tano tulikoroga. Mkufunzi alisisitiza kwamba sabuni hukorogwa kwa kuzungusha upande mmoja tu, na kwamba ukigeuza mwiko umeiharibu. Hadi leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini, ila chumvi ikizidi ni kweli kwamba sabuni huwa nyepesi kama maji, maana hilo niliona kwa macho yangu.

Katika darasa hilo alikuwamo mama mmoja mjane, mwenye umri wa kunizaa, aliyekuwa akiuza maandazi chini ya mwembe karibu na shule ya msingi. Siku ya tatu alichelewa, akaingia na harufu ya mafuta ya kukaangia, akaomba radhi kwamba alikuwa anamalizia wateja. Nami, kijana mwenye shahada na kalamu mbili mfukoni, nilimwambia mbele ya wenzake, "Mama, maandazi hayana maendeleo. Chagua moja." Darasa lilicheka, naye akacheka pia. Alinisikiliza, kwa sababu watu wa vijijini humheshimu Mama Maendeleo, yaani afisa kama mimi, kuliko anavyostahili.

Alichagua sabuni. Alikopa shilingi 150,000 katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, akadhaminiwa na wanawake wawili aliokwenda nao kisimani tangu walipoolewa katika kijiji hicho, akanunua malighafi mjini kwa nauli yake mwenyewe. Wenzake 24 walikuwa wamefanya hivyohivyo, kila mmoja kwa kiasi chake. Mnada uliofuata walijipanga mstari mmoja wakiwa na chupa za maji zilizotumika, zimejazwa sabuni ya rangi ileile ya kijani, yenye harufu ileile ya ndimu, kwa bei ya shilingi 1,000, na kabla ya saa sita mchana bei ilikuwa 500, kwa sababu muuzaji alikuwa anashindana na mwenzake wa darasa moja. Hata kwa bei hiyo wanunuzi hawakutosha. Nilikuwa nimeishi katika kata ile miaka miwili bila kujiuliza watu wake wanatumia sabuni gani kufulia. Walikuwa wanafua kwa sabuni ya mche, inayokatwa vipande dukani na kuuzwa kwa kiasi ambacho mtu anacho mkononi siku hiyo. Sakafu zao zilikuwa za udongo. Mwenye vigae vya kudeki alikuwa mtendaji wa kata, mwenye gesti na mimi.

Baada ya miezi mitatu yule mama alikuja ofisini akiwa amejitwika dumu la lita 20 lililojaa. Hakuja kugomba. Alilitua, akapumua, akaniuliza, "Mwanangu, wateja wa hii kitu wako wapi, maana nadhani wewe unawajua." Niliinunua yote kwa bei ya awali, nikajiona mwema kwa muda wa saa moja hivi, hadi aliponieleza yaliyobaki. Nafasi yake chini ya mwembe ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na watoto wa shule hawana uaminifu kwa mwuza maandazi aliyepotea wiki sita. Aliuza mbuzi wake wawili, fedha hazikutosha kulipa deni na riba, na kwa mujibu wa katiba ya kikundi, ambayo mimi ndiye niliyewasaidia kuiandika, kiasi kilichobaki kilikatwa kwenye hisa za wadhamini wake. Mmoja wao aliacha kumsalimu.

Jioni ile nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kumwita mkufunzi. Alikuwa anakaanga kilo mbili za ngano kwa siku. Ukitoa ngano, sukari, mafuta na kuni, alibakiwa na wastani wa shilingi 2,500, siku sita kwa wiki, kila wiki ambayo shule zilikuwa wazi. Sabuni, katika mwezi wake bora, haikumpa hata theluthi ya hizo. Kwa maneno mengine nilikuwa nimemwondoa mtu katika kazi iliyokuwa inamlisha, nikampa cheti. Ripoti yangu ya robo mwaka ilisema washiriki 25, waliohitimu 25, mafanikio asilimia 100, na ilisifiwa kikaoni. Nyumbani kwangu tulioshea vyombo sabuni ile, tukadekia, tukafulia hata mapazia, na kila nilipoifungua harufu ya ndimu ilinirudisha pale mwembeni. Ilichukua mwaka mzima kwisha.

Hesabu ya maandazi, basi, ndiyo taarifa ya msingi. Kabla ya kumfundisha mwanamke chochote, keti naye umwandikie anachoingiza sasa, kwa siku gani, kwa msimu gani, na nani anakinunua, halafu ujiulize kama shida yake ni ujuzi, au ni mtaji wa kuongeza kilo ya tatu ya ngano, au ni kausha damu, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, unaomnyonya kila Jumamosi.

2. Anayejua tayari asirudishwe darasa la kwanza.

Mwanamke aliyeshona miaka kumi barazani bila cheti apelekwe VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, afanyiwe utambuzi wa ujuzi alioupata nje ya mfumo rasmi, msimweke katika benchi la kujifunza kutia uzi kwenye sindano.

3. Ratiba ni ya kwao.

Najua kwamba fedha za mafunzo mara nyingi huingia Januari, lakini Januari kwetu watu wanapalilia, na mwanamke anayekuja darasani wakati huo amekuja kwa ajili ya posho, wala simlaumu. Ombeni muda usogezwe. Wenye watoto wachanga watafutieni kivuli na mtu wa kuwashikia.

4. Vifaa vya wote havina mwenyewe.

Cherehani kumi zilizofungiwa katika ofisi ya kata, ufunguo akiwa nao mwenyekiti aliyesafiri msibani, ni cherehani za picha tu. Nimewahi kukuta kikundi ambacho hakijawahi kukata kitambaa hata kimoja, kwa sababu mradi ulinunua mashine na kusahau vitambaa, na fundi mzee wa jirani ndiye aliyewaokoa kwa kuwafundisha kukata sketi za shule kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Hakuwemo katika bajeti. Alilipwa ugali na maharage kwa wiki tatu, na alifundisha vizuri kuliko mkufunzi wetu aliyelazwa hotelini.

5. Msiwaandikie andiko la kuombea mkopo.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, katika ile asilimia 10 iliyowekwa kisheria mwaka 2018, haina riba lakini ina marejesho, na mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, madeni sugu na vikundi hewa, vile vilivyopo kwenye karatasi tu, vilikuwa sehemu ya sababu. Kikundi hewa huanzia kwetu. Afisa anachukua andiko la mwaka jana, anabadilisha jina, na anasahau kubadilisha yaliyomo, niliwahi kusoma ombi la mkopo la kikundi cha ufugaji wa kuku lililokuwa na mstari wa "mafuta ya cherehani, lita mbili." Kikundi hichohicho kilipotembelewa na kamati ya tathmini kilionyesha kuku zaidi ya 60 wenye afya, na mjumbe mmoja akaanza kusifia banda, hadi mtoto wa jirani alipokuja analia akimtaka kuku wake mwekundu arudishwe. Kamba zilikuwa bado miguuni mwa kuku. Tulicheka njia nzima tukirudi, lakini andiko lile lilikuwa limetoka kwenye kompyuta ya idara yetu.

Kikundi kikiandika chenyewe, hata kwa mwandiko wa mwanafunzi wa darasa la saba, hesabu zake huwa ndogo, na hizo ndogo ndizo hulipika.

6. Sanduku.

Sanduku la fedha za kikundi cha kuweka na kukopa huwa na kufuli tatu: funguo tatu kwa watu watatu wasio ndugu, sanduku kwa mtu wa nne, na wewe afisa usilitunze hata usiku mmoja, hata wakikuomba kwa machozi. Vikundi vya aina hii vilianza mwaka 1991 na wanawake wa Niger ambao wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo msije mkaniambia kwamba akina mama wa kata yenu hawawezi bila ninyi. Siku ya mgao, yaani ya kugawana akiba, waamue wenyewe. Nilipokuwa nawalazimisha wagawane mwishoni mwa Desemba ili ilingane na kalenda yangu ya ripoti, walikuwa wananunua mbegu kwa mkopo mwezi mmoja kabla, fedha zao wenyewe zikiwa zimefungwa kwa kufuli tatu.

7. Kama ni lazima iwe sabuni.

Inawezekana. Wafundisheni watano, siyo 30, na wanunuzi wawe wameshajulikana kwa majina: zahanati, shule ya bweni, gesti mbili. Anzeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango, kwa sababu mnunuzi wa taasisi atauliza alama ya ubora na risiti kabla hajanusa ndimu. Kisheria taasisi za umma zinapaswa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, ila kikundi kisichosajiliwa katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kitaisikia asilimia hiyo redioni tu.

Andiko la vijana wangu wawili nimelirudisha bila kulipasua, ingawa mkono uliniwasha. Keshokutwa ni siku ya mnada katika kata yao. Gari la idara ni bovu, kwa hiyo tutakwenda kwa bodaboda, na nimewaambia waje na daftari tupu, waache ile projekta, na wasile nyumbani, kwa sababu kazi ya kwanza itakuwa kununua vitafunwa kwa kila mwanamke anayeuza na kumwuliza kilo ya ngano ameinunua shilingi ngapi.