Maswali ya Wasomaji: Kichwa Kwanza, Baruti Baadaye

SWALI: Naishi Minnesota, Marekani, na Agosti nakwenda Tanzania kuwinda nyati. Bunduki yangu ni ya kipimo cha .375 H&H na risasi nazijaza mwenyewe. Dukani kuna vichwa (sehemu ya risasi inayoruka) vya greni 235 hadi 350. Nichukue vipi, na baruti gani?

JIBU: Ndugu msomaji, chagua kichwa kwanza. Greni 235 waachie wanyama wadogo. Kwa nyati chukua 300, yaani gramu 19.4, uzito ambao wawindaji wa .375 wameuzoea kwa miaka mingi. Greni 350 zinapenya vizuri, ila kichwa ni kirefu, kinakula nafasi ya baruti, na kwa mbali kinashuka haraka.

Uzito peke yake hautoshi. Kichwa cha bei rahisi, koti jembamba juu ya madini laini ya risasi, hupasuka kwenye mfupa wa bega kabla hakijafika moyoni. Tafuta ambacho koti na kiini vimeunganishwa, kama Swift A-Frame, au cha shaba tupu kama Barnes TSX. Angalizo moja: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa cha shaba ni kirefu zaidi. Kinazama ndani ya ganda, nafasi inapungua, presha inapanda. Kamwe usikijaze kwa vipimo vya kichwa kingine. Sisi kwa shaba tungeshuka hadi greni 270, kwa kuwa hakipotezi uzito kikipita mwilini mwa mnyama.

Sasa baruti. Kwa greni 300, H4350 inafaa sana: inalijaza ganda karibu lote, kwa hiyo ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya itafurika na utaona. Soma kopo vizuri, maana IMR 4350 ina nambari hiyohiyo lakini ni baruti nyingine, yenye vipimo vyake.

Joto ndilo linalowaponza wengi. Risasi uliyoipima kwenye baridi ya Minnesota hutoa presha kubwa zaidi ikishinda kwenye gari juani, na bolti (komeo la bunduki) ikigoma kufunguka mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hapo ni hatari ya maisha. H4350 ilitengenezwa isiyumbishwe sana na joto, lakini hata hivyo jaribu risasi zako siku ya jua kali, na usifikie kipimo cha juu kabisa. Mwendo wa futi 2,500 kwa sekunde unamtosha nyati.

Fuata kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa kichwa chenyewe. Anzia kipimo cha chini, wala usishuke chini yake. Panda nusu greni kila hatua, ukipiga tatu tatu. Bolti ikiwa nzito, fataki (kiwashio cha kitakoni) ikibapa, au kitako cha ganda kikipata alama inayong'aa, simama na urudi nyuma. Ukishapata kipimo, bana mdomo wa ganda kwenye mfereji wa kichwa, la sivyo teke la bunduki litavisukuma ndani vichwa vilivyobaki kwenye magazini. Urefu wa risasi nzima usizidi milimita 91.4.

Kabla ya safari, uliza shirika la ndege kama linapokea risasi za kujazwa nyumbani. Kikomo cha kawaida ni kilo 5.

SWALI: Maganda yangu ya .375 yanakatika juu kidogo ya mkanda (ukingo mnene karibu na kitako) yakijazwa mara ya tatu au ya nne. Je, baruti imezidi?

JIBU: Yawezekana, lakini chunguza kwanza kalibu yako, chuma cha kurudishia ganda umbo lake. Ganda jipya hukaa kwenye chemba (chumba cha risasi ndani ya bunduki) kwa kushikiliwa na mkanda, na mara nyingi bega lake, pale linapopungua kuelekea mdomoni, haligusi mbele. Likipigwa, linanyooka hadi kujaza chemba. Kalibu iliyokazwa mpaka mwisho inalirudisha bega nyuma, na risasi inayofuata inalinyoosha tena, palepale juu ya mkanda, mpaka shaba nyeupe inakuwa nyembamba kama karatasi.

Legeza kalibu, kisha uikaze kidogo kidogo, mpaka bega lirudi nyuma milimita 0.05 tu na bolti ifunge bila kulazimishwa. Maganda uliyonayo yapime kwa waya mwembamba uliopindwa ncha: uburute ndani ya ganda kuelekea mdomoni. Ukihisi ncha inanasa kwenye kijibonde karibu na mkanda, ganda hilo lisijazwe tena, na mengine ya kundi hilo yakague moja moja.