Mungu alimtumia, je, aachwe aendelee? Jibu kwa ndugu mwenye swali la mchungaji aliyekula mchango

Ndugu, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: muulizaji anasali katika kanisa dogo hapa Bagamoyo. Mchungaji wao alikusanya shilingi 1,800,000 za matibabu ya mama mjane, akazitumia kwa mambo yake. Mwaka huohuo watu wengi wameokoka kwa mahubiri yake, na vijana wamebatizwa kwa mikono yake. Sasa kanisa limegawanyika. Wapo wanaosema ubatizo ule haufai, urudiwe. Wengine wanasema asiguswe, kwani Daudi alifanya makubwa kuliko hayo na Mungu hakumtupa.

Pande zote mbili zimekosea, tena kosa lao ni moja. Zinadhani Mungu akimtumia mtu, amempa hati ya mwenendo mwema. Wa kwanza wanasema hati hana, basi hakutumiwa. Wa pili wanasema ametumiwa, basi hati anayo. Biblia haifungi mambo hayo mawili pamoja hata mara moja.

Nianze na ubatizo, maana hapo njia imekwisha kusafishwa na waliotutangulia. Swali lenu liliulizwa Afrika hii hii, Karthago, baada ya mateso ya Wakristo yaliyoanza mwaka 303. Baadhi ya viongozi waliyakabidhi Maandiko kwa maofisa wa Kaisari ili yachomwe. Mateso yalipopoa, Wakristo wengi wakasema askofu aliyewekewa mikono na msaliti si askofu, na ubatizo wake ni maji tu. Mkutano wa maaskofu wa Arles, mwaka 314, ulikataa hoja hiyo. Baadaye Agostino wa Hippo, naye Mwafrika, alitoa mfano wa mfereji wa jiwe: maji yanapita, jiwe lenyewe halioteshi kitu, lakini bustani inanyweshwa. Wakatoliki wanashika hivyo mpaka leo. Walutheri waliandika hivyo mwaka 1530 katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 8, na Waanglikana katika kifungu cha 26 cha vile vifungu vyao 39. Kanisa lenu haliko chini ya yeyote kati ya hao, ila hoja ni ya wote: vijana waliobatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu walibatizwa kwa jina hilo, si kwa jina la mchungaji. Msiwarudishe majini.

Watu hukomea hapo, na ndipo wanapoharibu. Kifungu hichohicho cha 26, baada ya kusema uovu wa mhudumu hauzuii neema, kinaendelea kusema wahudumu waovu wachunguzwe, na wakionekana na hatia waondolewe. Walioandika waliziweka pande mbili katika pumzi moja kwa sababu waliona kila upande ukiachwa peke yake unaua.

Sasa tuwatazame waliotumiwa. Balaamu alitamka baraka za kweli juu ya Israeli, na maneno yake kuhusu nyota itakayotoka katika Yakobo Wakristo wanayasoma wakimtazamia Masihi (Hesabu 24). Mtu huyohuyo aliuawa kwa upanga kati ya maadui wa Israeli (Hesabu 31:8). Kayafa alitabiri kwamba mtu mmoja atakufa kwa ajili ya taifa, na Yohana anasema alitabiri kwa kuwa alikuwa kuhani mkuu mwaka ule, huku moyoni akipanga mauaji (Yohana 11). Yehu alisifiwa kwa kuiondoa nyumba ya Ahabu (2 Wafalme 10:30), kisha katika Hosea 1:4 nyumba yake inapatilizwa kwa damu ya Yezreeli. Nabii Isaya, sura ya 10, anaiita Ashuru fimbo ya Mungu, halafu anauliza kama shoka laweza kujisifu juu ya anayekata nalo. Na Yesu mwenyewe, Mathayo 7:22, anasema wengi watakuja na orodha ya unabii na miujiza waliyoifanya kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua. Angalieni vizuri: hasemi miujiza ile ilikuwa ya uongo.

Basi Daudi. Wanaomtaja ili kumkinga mchungaji wasome 2 Samweli 11 hadi 20, sura kumi, wasiishie ya 12. Sura ya 11 ina dhambi iliyopangwa hatua kwa hatua. Daudi amelala na Bathsheba, mke wa askari wake Uria, naye amepata mimba; anamwita Uria kutoka vitani ili alale kwake na mimba ipate baba. Uria analala mlangoni pa mfalme. Usiku wa pili analeweshwa, bado haendi nyumbani. Mwisho anapewa barua ampelekee Yoabu, mkuu wa jeshi, naye anaibeba amri ya kifo chake mkononi mwake mwenyewe. Nabii Nathani anakuja mtoto akiwa ameshazaliwa, yaani Daudi alikaa na siri ile karibu mwaka mzima, huku akiendelea kuwa mfalme. Kwa hiyo kazi kuendelea vizuri si dalili kwamba mambo ni shwari.

Nathani anaposema "Wewe ndiwe mtu huyo", Daudi anajibu kwa sentensi moja: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Hakuongeza neno. Ilinganisheni na 1 Samweli 15. Mfalme Sauli anapokamatwa na kondoo wa Amaleki aliotakiwa kuwaangamiza, kwanza anasema ametii, pili anawasingizia watu, tatu anakiri lakini kwa kuwa aliwaogopa watu, na nne anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Kwa macho yetu kosa la Sauli linaonekana dogo kuliko la Daudi. Aliyekataliwa ni yeye. Wazee wenu wakienda kwa mchungaji, hiki ndicho kipimo cha kwanza: sikilizeni sentensi yake ya kwanza. Ikianza na "mlipaswa kunijia faragha", au "shetani ananipiga vita kwa sababu ya huduma", mnamsikia Sauli.

Na msamaha haukufuta malipo. Daudi aliambiwa palepale hatakufa, lakini mtoto akafa siku ya saba, mwanawe Amnoni akambaka Tamari, dada yake Absalomu, Absalomu akamuua Amnoni kisha akamfukuza baba yake mjini. Mshauri mkuu wa maasi yale alikuwa Ahithofeli. Ikiwa Eliamu, baba wa Bathsheba katika sura ya 11, ndiye Eliamu mwana wa Ahithofeli wa sura ya 23, basi Ahithofeli alikuwa babu yake Bathsheba, na hasira yake inaeleweka. Anayetaka mchungaji atendewe kama Daudi akubali kifurushi chote.

(Neno la pembeni: tunaishi na jamaa na majirani Waislamu, na kwao Nabii Daudi amekingwa na madhambi makubwa. Msiipeleke habari ya Bathsheba barazani kama hoja ya mjadala. Inawaumiza, na haiwahusu katika hili.)

Hoja nyingine nitakayoigusa ni ile ya "usimguse mpakwa mafuta wa Bwana". Zaburi 105:15 inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni kati ya mataifa. Na Daudi alipokataa kumgusa Sauli, alikataa kumuua. Palepale, 1 Samweli 24, alisimama nje ya pango, akainua kipande cha vazi, akamsema Sauli mbele ya jeshi lake. Kuhoji hesabu za mchango si kumgusa mpakwa mafuta.

Wapo watakaouliza kwa haki kabisa: kama ni hivyo, nani atafaa? Yakobo alimdanganya baba yake. Petro alikana mara tatu. Nendeni ufukweni kwa mafundi wa mashua. Taruma zuri, yaani ubavu wa mashua, hutoka kwenye tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zimefuata mpindo na halipasuki chombo kikipigwa na wimbi. Fundi anautafuta mpindo. Lakini tawi lililoliwa na mchwa, hata lipinde kama lilivyoagizwa, analiweka kando. Woga wa Petro ulikuwa mpindo, naye alilia usiku uleule. Wizi unaofichwa miezi, huku mwizi akiongoza maombi ya yule aliyemwibia, ni mchwa. Mungu ana uhuru wa kutumia chochote, alimtumia hata punda. Sisi tunaoweka mikono hatukupewa uhuru huo, tulipewa masharti ya 1 Timotheo 3 na onyo la 5:22 tusiweke mikono kwa haraka.

Mfano wa karibu na sisi ni David Livingstone, ambaye maiti yake ililetwa Bagamoyo Februari 1874 na watumishi wake, akina Chuma na Susi. Kama mmisionari, mtu mkubwa aliyemwongoa alikuwa Sechele, mtawala wa Bakwena, aliyebatizwa mwaka 1848. Miezi michache baadaye mmoja wa wake aliowaacha akaonekana ana mimba yake. Livingstone alimzuia asishiriki meza ya Bwana, akaondoka akiwa amevunjika moyo. Sechele aliendelea kuwafundisha watu wake Biblia kwa miaka mingi, hadi alipokufa mwaka 1892. Livingstone naye aligombana vibaya na wenzake katika safari ya Zambezi mpaka serikali yake ikaiita irudi. Msimwite mmoja mtakatifu na mwingine mwasi. Ila oneni kwamba Sechele alizuiwa meza, na kuzuiwa huko hakukumzuia Mungu.

Sasa la kufanya. Waende wazee wawili au watatu, maana 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu, na wawe na karatasi mkononi: orodha ya waliochanga, kitabu cha stakabadhi, na taarifa ya miamala ya namba ya simu iliyopokea fedha. Wasiende na fununu. Akikiri, aandike kiasi na tarehe, asaini. Fedha irudi pamoja na sehemu ya tano juu yake, kama Walawi 6 na Hesabu 5:7 zinavyoagiza. Kwa 1,800,000 sehemu ya tano ni 360,000, jumla 2,160,000. Hamko chini ya torati kwa kila nukta, lakini kiwango hicho kinamfundisha mtu kwamba alimchelewesha mgonjwa, hakukopa. Hana fedha? Ziandikwe awamu, kwa miezi. Akigoma, wizi ni kosa la jinai, na msamaha wa mjane haumzuii kwenda polisi.

Kisha litangazwe kanisani, 1 Timotheo 5:20. Taja kosa, kiasi, na hatua. Tangazo la "mchungaji ameomba mapumziko" ndilo linalozaa minong'ono ya miaka mitano. Ashuke madhabahuni, akae kwenye benchi, apate wa kumlea, maana Wagalatia 6:1 inataka arejeshwe kwa upole. Kurejeshwa kwenye ushirika kunaweza kuwa mapema. Kurejeshwa kwenye uongozi ni jambo jingine, na kwa maoni yangu lisizungumzwe kabla ya deni kuisha na mwaka kupita juu yake. Kwenye fedha asirudi kabisa. Toka sasa michango ipite akaunti ya kanisa yenye watia saini watatu, isipite simu ya mtu.

Kosa kubwa ninaloliona katika kesi kama hizi ni kwamba watu wote wanamzunguka aliyeanguka, wanafunga na kumwombea, na aliyeibiwa anasahaulika. Mathayo hakufanya hivyo. Alipofika kwa Sulemani katika ukoo wa Yesu, 1:6, hakuandika Bathsheba. Aliandika mke wa Uria, na jina la aliyedhulumiwa likabaki pale. Kwa hiyo kabla hamjakaa kikao kingine cha mchungaji, mkusanye fedha za mama yule upya kutoka mfuko wa kanisa, bila kusubiri deni lilipwe. Ulituandikia kila kitu ndugu, ila hukusema mama ana miadi lini hospitali, wala nani ameshika nauli yake.